Rangi ya Tano

Upepo wa Makambako hauna adabu. Humvua mtu mzima kofia bila hata kumwamkia, na ndiyo maana Remmy Mtweve aliwahi kuishi vizuri msimu mzima kwa kuuza bima ya kofia. Watu walilipa, kofia zikapeperuka, na Remmy naye akapeperuka kidogo, akajichimbia kwa rafiki yake Njombe mjini mpaka hasira za watu zilipopoa.

Asubuhi hiyo alikuwa amerudi. Aliinamia bakuli la supu ya utumbo katika kibanda kando ya stendi, kola imepanda mpaka masikioni, akiwaza namna ya kuondoka pasipo kulipa. Ndipo aliposikia maneno yaliyomfanya aagize chapati ya pili.

"Watafiti walikuja na gari jeupe," mchuuzi wa viazi wa meza ya jirani alikuwa akimwambia mwenzake. "Wakachuma majani ya dawa ya mama mkwe wangu kule Kichiwa, wakasema wanakwenda kupima viambato. Yaani vile vitu vya ndani, vyenyewe vinavyoponya. Mpaka leo kimya! Mama wa watu hali vizuri. Na si yeye tu, kijiji kizima wanauliza, ndani ya majani yetu mmeona nini?"

"Si wawaambie tu."

"Akitokea wa kuwaambia, wale watu wanamchinjia jogoo."

Remmy akaacha kutafuna. Wapo watu wakisikia habari ya kusikitisha husikitika. Remmy, aliposikia kwamba kijiji kizima kina swali na hakuna mwenye jibu, alipata joto la kifua ambalo supu ile haikuweza kumpa. Akalipa hata chapati, jambo lililomshtua mwenye kibanda.

Mali hakuwa nayo, isipokuwa pikipiki, na hiyo hakuipata kwa ulimi. Mama yake, Eveline, alichuma chai Lupembe miaka nenda rudi, mgongo ukapinda, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, mpaka akamnunulia mwanawe pikipiki nyekundu. "Hii ni miguu yangu nakupa," alimwambia. "Yangu imeshachoka. Uza chochote unachotaka, Remmy, lakini hii usiuze." Remmy alikwisha kuwadanganya wachungaji, mapadri na askari wa barabarani, ila kuhusu pikipiki ile hakuwahi kumdanganya mama yake. Aliifuta kila jioni kwa kitambaa kilichokuwa kisafi kuliko shuka lake. Aliipenda, na si haya kulisema.

Basi akaanza kuunda maabara. Koti jeupe alilipata kwa muuza nyama, likafuliwa, likabaki na doa moja la maini ambalo Remmy aliamua kuliita doa la kikazi. Akatafuta mitungi miwili ya siagi ya karanga, chupa ya spiriti, karatasi za kuchujia, na kitu muhimu kuliko vyote, maka peni nyeusi. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wao aliweka nukta ya wino mweusi kwenye karatasi, akachovya ncha ya karatasi katika spiriti, na wino ule mmoja ukapanda ukigawanyika: njano, nyekundu, bluu. Darasa zima lilishangaa, kisha likasahau. Remmy hakusahau, kwa sababu hilo ndilo somo pekee alilowahi kulielewa.

Kichiwa alijitambulisha kama dokta wa viambato, akafikia kwa Damiano, mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye majani yake ya kuchemsha kwa ajili ya mgongo. Nukta nyeusi ilikuwa imeshawekwa kwenye karatasi tangu Makambako. Remmy akaifunika kwa rojo la majani, akasimika karatasi katika mtungi wenye spiriti, akafumba macho kama mtu anayeombea chakula. Rangi zikaanza kupanda.

"Mama yangu!" alisema Damiano.

"Tulia, mzee. Hii njano ni viambato kumi, vya tumbo. Nyekundu ni kumi, vya damu. Bluu kumi, vya mishipa."

"Na kijani?"

Remmy akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kijani ni kumi vya yale mambo mengine."

Damiano akakohoa. Kijani alikielewa bila maelezo zaidi. "Sasa jumla yake?"

"Arobaini."

"Arobaini! Kama mwarobaini!"

"Mwarobaini gani, mzee wangu? Ule ni wa watu wa joto. Viambato vyake vimeshaanza kuchacha. Wako ni wa baridi, arobaini vyake vimekaa kama vilivyowekwa kwenye friji." Akamshika mkono. "Ila ni siri. Jirani akijua, utaamka ukute shina limeng'olewa."

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wenyewe. Ada ya kipimo ilikuwa jogoo mmoja, kwa sababu jogoo haombi stakabadhi, na kila aliyepimwa aliapishwa kunyamaza. Kila mmoja akawa na arobaini yake, akaitundika karatasi yake ukutani jirani na picha ya harusi, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, huku akimhurumia jirani yake maskini asiye na kitu. Watu wakafurahi. Remmy naye alirudi Makambako kila jioni majogoo wakining'inia kwenye usukani, wakimtazama kwa dharau. Wazee walisema siku za mwizi ni arobaini. Remmy aliona kwamba wazee walikosea kidogo, arobaini ni faida za mwizi.

Sasa tufike kwa Oktavia.

Oktavia Mligo alikuwa na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, nguruwe wachache na kicheko kilichosikika mpaka barabara kuu. Ulanzi wake aliuongezea maji, na kila mtu alijua, lakini alitia maji yake huku akikuuliza habari za watoto, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Remmy alikuwa amemwacha kwa makusudi, maana mwanamke anayewahudumia walevi huwa amesikia uongo wa kila aina. Lakini tamaa haina breki. Siku alipoona kwamba nyumba zote zimekwisha, akapaki pikipiki mbele ya kilabu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, dokta. Karibu, jikoni kuna moto."

"Nasikia una dawa ya ukoo."

"Nani kakwambia? Mimi nina majani tu huko nyuma ya banda. Nawapa sungura."

"Yanaitwaje?"

"Tunayaita majani."

"Nitayapima hivyohivyo. Ada ni jogoo."

Oktavia akafikiri. "Pima, mwanangu. Ila kwetu sisi kitu cha ukoo, hata kiwe majani, hakipondwi na mgeni. Nitaponda mwenyewe."

Remmy hakuwa na ubishi na mila, hasa mila inayomwacha mtu akiota moto. Oktavia akaingia ndani na kinu, kukasikika kutwanga, akatoka na rojo kwenye kibakuli. Lilikuwa jeusijeusi kidogo, lakini Remmy hakujali. Akalipaka juu ya nukta yake, akasimika karatasi, akaanza kusafisha koo kwa ajili ya hotuba.

Njano ikapanda. Nyekundu ikafuata. Bluu ikaja, na kijani kikajitokeza palepale kilipozoea. Halafu, mbele ya macho yake, ikatokea rangi nyingine. Zambarau! Zambarau nene, inayong'aa, yenye fahari ya joho la askofu.

Akaisahau hotuba. Tatu zilikuwa za kalamu yake, ya nne ilikuwa kijani cha jani lolote la duniani. Hii ya tano ilikuwa ya nani? Akahesabu upya, midomo ikicheza. Hakuwa ameiweka yeye. Basi ameiweka Mungu. Mtu aliyeuza viambato visivyokuwepo kijiji kizima alikuwa sasa ana kwa ana na kiambato kilichopo.

"Vipi, dokta?" Oktavia aliuliza. "Nina ngapi?"

"Arobaini, mama. Kama... kama kawaida."

"Na hiyo ya zambarau?"

"Hiyo? Hiyo ni uchafu wa karatasi."

"Aa. Sawa. Wewe ndiye mtaalamu."

Remmy akakaa kwenye kigoda. Kichwani mwake alikuwa ameshapanda ndege. Kiambato alikwisha kukipa jina, Remisini. Aliona nyumba ya ghorofa Makambako isiyoingia upepo. Aliona mama yake akishuka kwenye gari lenye milango minne, anafunguliwa mlango mmoja na ile mitatu inabaki ya akiba.

"Mama," alisema taratibu, "hayo majani ungeniuzia yote. Pamoja na hicho kipande cha ardhi."

"Ya nini?"

"Nina sungura."

"Wewe una sungura?"

"Nafikiria kufuga."

"Sungura gani wa kumaliza majani yote hayo?"

"Wa mjini, mama. Wale wanakula sana."

Oktavia akatikisa kichwa. "Siwezi, mwanangu. Ni majani tu. Nikikuuzia watu watasema nimekutapeli."

Ee, huruma ilimshika Remmy, huruma ile mtu anayomwonea mjinga anayekalia dhahabu akidhani ni kiti. Akaahidi majogoo. Oktavia akasema anao. Akaahidi koti. Oktavia akatazama doa la maini, akakataa kwa heshima. Kisha, kama mtu aliyeona kitu kwa bahati, macho yake yakaenda nje.

"Nimechoka kubeba madumu ya ulanzi kichwani," alisema. "Shingo imeingia ndani. Kingekuwapo chombo cha kubebea..."

Remmy akafuata macho yake, akaiona pikipiki yake nyekundu imesimama uani, inang'aa. Alitoka, akashika usukani, akaona aibu kuushika. Miguu ya mama! Akajiambia kwamba haiuzi, anaibadilisha. Akajiambia kwamba mama alisema usiuze, hakusema usibadilishe. Mtu anayejua kuwadanganya wengine hapati shida kujidanganya mwenyewe, maana msikilizaji yuko karibu.

Damiano aliitwa kushuhudia, na Oktavia akataka maneno yasikike vizuri.

"Damiano, sikia. Namuuzia huyu majani. Si dawa. Majani."

"Nimesikia. Majani."

"Nami nanunua majani," alisema Remmy, akijitahidi asicheke. Akatoa ufunguo. Mkono wake ulikawia kidogo kuuachia, Oktavia akausaidia.

Remmy alijaza majani kwenye gunia, akadandia lori la mbao mpaka Njombe, na moja kwa moja akaingia duka la dawa la rafiki yake, Sila. Sila alikuwa mtu mpole, aliyekuwa akivaa sweta mbili na kusema baridi ni ya mawazo.

"Sila," alisema Remmy akihema, "mtu akigundua kiambato kipya duniani, analipwa na nani?"

"Inategemea. Kipi?"

Remmy akakunjua karatasi juu ya meza, taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga. "Usishike. Ile ya zambarau. Inaitwa Remisini."

Sila akainama. Akainusa. Kisha, kabla hajazuiwa, akalamba kidole, akaisugua rangi ile, na kidole kikawa zambarau mpaka kwenye kiungo. Akakaa akikitazama, uso wake ukalegea kwa kumbukumbu.

"Remmy, hii ni jivii."

"Jivii ipi?"

"Ile ya vidonda vya mdomoni. Mama alinipaka nikiwa darasa la tatu, nikaenda kwenye kipaimara cha dada yangu na midomo ya rangi hii. Picha ipo mpaka leo." Akashusha kichupa kutoka kwenye rafu, akatia tone kwenye karatasi. Zambarau ikakutana na zambarau. "Wafugaji wananunua sana. Nguruwe akikwaruzwa, unampaka."

Remmy akakumbuka banda la nguruwe, kinu, na mila ile ya ukoo iliyozaliwa mbele yake jikoni. Alikuwa ameingizwa mjini, tena akiwa kijijini. Hakuhisi hasira kwanza. Alihisi usukani mikononi mwake, na mikono ilikuwa mitupu.

Kesho yake alifika Kichiwa kwa miguu kutoka barabara kuu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kupiga kelele mbele ya kilabu mpaka watu wakajaa. Damiano akaomba utulivu.

"Mwenyekiti, huyu mama ni tapeli! Ametia jivii kwenye majani! Nataka pikipiki yangu!"

"Jivii?" Damiano akashangaa. "Utathibitishaje? Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba rangi zinatoka kwenye majani."

"Haziwezi kuwa tano!"

"Kwa nini zisiwe tano?"

"Kwa sababu ni nne!"

"Nani kasema ni nne?"

"Mimi! Tatu zinatoka kwenye kalamu yangu, ya nne ni kijani cha majani, hiyo ya tano siyo yangu!"

Hata nguruwe waliacha kuguna. Remmy aliyasikia maneno yake yakizunguka uwanjani yakimtafuta mwenyewe, akatamani kuyarudisha, lakini yalishafika masikioni mwa kila mwenye jogoo.

"Kwa hiyo," alisema Damiano polepole, "kijani..."

"Ni majani tu, mzee."

"Lakini kijani kilifanya kazi!" Mzee akalia kwa uchungu wa kweli, na mkewe, aliyekuwa nyuma yake, akatazama chini kwa haya.

Oktavia akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Watu wangu, mimi nauza ulanzi, na mlevi hana siri. Huyu ananinong'oneza, Oktavia, nina arobaini. Kesho mwingine ananinong'oneza, nina arobaini. Nikampa shemeji yangu kabichi akapime. Kabichi, jamani! Kabichi ikawa na arobaini! Nikasema, haya, mgeni huyu anajua kuhesabu, tumwongezee ya tano tuone atafanyaje." Akamgeukia Remmy. "Nilikuambia ni nini?"

"Majani," alisema Remmy.

"Na ile zambarau nani aliisema ni uchafu wa karatasi?"

Remmy akakaa chini kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu bima ya kofia akalia machozi yasiyokuwa ya kikazi. "Jogoo zenu nitarudisha," alisema. "Koti chukueni, mitungi chukueni. Pikipiki ile ni jasho la mama yangu. Kaichumia chai Lupembe mpaka mgongo umepinda. Aliniambia ni miguu yake. Ningeibiwa ningemwambia, lakini hii nimeitoa mwenyewe kwa mkono wangu."

Oktavia akamtazama muda mrefu, akiupima uso ule kama kuna maka peni nyuma yake. Haikuwepo.

"Mama yako nani?"

"Eveline. Anakaa juu kidogo ya kituo cha kupimia majani ya chai."

"Miguu ya mwanamke mwenzangu siwezi kuitembelea," alisema Oktavia. Akatoa ufunguo.

Remmy akaruka, mkono mbele. "Mungu akubariki, mama!"

"Ngoja. Miguu hairudishwi kwa mtoto. Inarudishwa kwa mwenyewe." Akapandisha gauni juu ya buti za mvua, akaipanda pikipiki, akaiwasha kwa teke moja tu. "Damiano, vaa koti, panda nyuma. Tunakwenda Lupembe kumsalimia mama Eveline, na kumweleza imetufikiaje."

Remmy akarudisha mkono nyuma. "Mama, hapana! Chukua! Ni yako! Nakupa bure!"

"Mbona jana mkono wako ulikuwa mzito hivyo?"

"Zawadi, mama! Mbele ya mashahidi!"

Lakini pikipiki ilikwisha kuondoka, Damiano akiwa amemkumbatia Oktavia kiunoni macho yamefumbwa, vumbi jekundu likabaki nyuma. Remmy akakimbia hatua kadhaa. Nyuma yake wenye majogoo walikuwa wameanza kupanga foleni. Akapanda juu ya kichuguu, mahali pekee simu ilipokuwa inashika vizuri, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nisikilize vizuri. Kuna mwanamke anakuja hapo nyumbani. Usimwamini hata neno moja. Ni tapeli mkubwa."

"Uwii! Anakuja kuchukua nini?"

"Hachukui. Anarudisha pikipiki."

Kwa mbali ilisikika redio yake ikiimba kwaya.

"Remmy. Kama anayenirudishia mali yangu ndiye tapeli, wewe uliyempa ni nani?"

"Haloo? Haloo? Mama, sikusikii, mtandao unakatakata huku!"

"Mimi nakusikia vizuri sana," alisema Eveline. "Jibu."